Dhima ya Nyumba za Dini kwa Mwenyeji Fukara, Butembo na Beni



Ni desturi ya mhadhara wa kufungulia mwaka wa masomo kwamba mwalimu huchagua jambo moja akalisimamisha mbele ya hadhara ili lipimwe. Nami, baada ya kutafakari kwa muda mrefu, nimeona kwamba hapana jambo linalostahiki kupimwa mbele yenu kuliko lile mlifanyalo wenyewe usiku kwa usiku bila kulipigia mbiu, yaani kumpokea nyumbani mtu aliyefika mlangoni hana kitu. Dai langu nitalitoa mapema: katika nchi hii ya Butembo na Beni nyumba kuu ya ukarimu ni nyumba ya fukara aliyempokea fukara mwenziwe, na wajibu wa kwanza wa nyumba zetu za dini ni kumtegemeza mwenyeji huyo asianguke.

Nyumba za ukarimu zina nasaba ndefu. Katika karne ya nne Basili, askofu wa Kaisaria, alijenga nje ya mji wake maskani ya wagonjwa, wasafiri na maskini; na huko pwani, kilikotoka Kiswahili chetu, Habib Swaleh wa Lamu aliufungua Msikiti wa Riyadha na darasa zake kwa wana wa wanyonge na wa waliokuwa watumwa, ambao wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa wanastahiki ilimu ya juu ya dini. Lakini aliyelisogeza jambo hili karibu na hali yetu ni Peter Maurin, mtoto wa wakulima wa Ufaransa, ambaye pamoja na Dorothy Day alianzisha gazeti la Catholic Worker mjini New York tarehe 1 Mei 1933, wakati ambapo mamilioni ya watu huko Marekani walikuwa hawana kazi. Maurin alitaka kila parokia iwe na nyumba ya ukarimu, na zaidi ya hapo, kila familia itenge chumba kwa ajili ya Kristo ajaye katika sura ya mgeni. Hapa kwetu chumba kimeitangulia nyumba. Na mara nyingi hata chumba hakuna, ni mkeka tu uliosogezwa karibu na meko.

Sisemi kwamba watawa hawakufanya kitu. Watawa wa shirika la Waasumpsionisti walifika pande za Beni mwaka 1929, na misheni zao, zenye shule na zahanati kando ya kanisa, zilimfanya mtu wa milimani aizoee njia ya kwenda huko siku ya ugonjwa na siku ya njaa. Mlango wa misheni hizo umelipiwa kwa thamani kubwa. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012, huko Mbau, kaskazini mwa mji wa Beni, mapadre watatu wa shirika hilo walitekwa nyumbani kwao, katika parokia ya Bikira Maria wa Maskini, wala hawajarudi. Na Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wetu tangu 1966 hadi 1997, alipokuwa Askofu Mkuu wa Bukavu alizuiwa kuingia katika mji wake na wale walioutawala kwa silaha, akakaa hapa Butembo tangu Februari hadi Septemba mwaka 2000; ikawa mchungaji naye amehesabiwa miongoni mwa waliofukuzwa makwao.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuviandama vijiji vya Beni, watu wa Eringeti, Oicha na Mbau wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Na mwishoni mwa Juni 2024, vita vilipoingia Kanyabayonga, wengine wakapanda kutoka kusini kwa njia ya Lubero. Walio wengi hawakuingia kambini. Waliingia kwa binamu, kwa shemeji, kwa mtu waliyepata kusali naye, na pengine kwa mtu wasiyemjua kabla ya jioni ile.

Tuitazame nyumba mojawapo. Ina vyumba viwili vya udongo na paa la bati, na mama mwenye watoto watano. Jioni anaongezewa wanne, pamoja na mama yao na nyanya yao. Siku ya kwanza mgeni hutengewa bugali na sombe mbele ya wenyeji, wala haulizwi atakaa siku ngapi, maana swali hilo ni aibu kwa mwenye kuuliza. Juma la pili mgeni mwenyewe hushika bidoni akateka maji, hutwanga, huenda kutafuta kibarua cha kulima. Mwezi wa tatu unga umekwisha, na mwenyeji huinua macho juu ya meko, palipotundikwa maharagwe ya mbegu, akayateremsha. Shamba la msimu ujao limeliwa usiku ule, na mwenyeji naye amekuwa mwenye njaa bila ya kuhama kwake. Kisha, msaada ufikapo, mara nyingi huitwa jina la mhamishwa peke yake, na fitina huingia baina ya watu wawili waliokuwa wakila chungu kimoja. Jambo hili linanihuzunisha kuliko njaa yenyewe.

Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki, ilikuwa mtihani mkali wa ukarimu wetu, kwani ilikataza kumshika mgonjwa mkono na kumwosha maiti, mambo ambayo kwetu ndiyo heshima yenyewe. Hata hivyo, katika Beni na Butembo, kando ya vituo vya matibabu, palifunguliwa vyumba vya kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Na walioajiriwa kuwabeba, kuwanywesha maziwa na kuwaimbia ni wale waliokwisha kupona ugonjwa huo, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga. Waliokuwa wakikimbiwa na majirani ndio pekee walioweza kumkumbatia mtoto bila hofu. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha ni nani aliye mwenyeji wa kweli.

Kwa hiyo nasema kazi zigawanywe. Nyumba za watawa ziwapokee wale ambao familia haiwezi kuwachukua: mgonjwa wa akili, mtoto asiye na mtu, mwanamke aliyenajisiwa ambaye mlango wa wakwe umefungwa mbele yake. Hao wanahitaji sitara, wauguzi, na muda mrefu. Waliobaki wana wenyeji tayari, na fungu lao katika ghala la parokia lipitie mkononi mwa mwenyeji, mbele ya mgeni wake, wote wawili wakijua kiasi chake. Lakini kabla ya unga itangulie mbegu: kila nyumba iliyopokea watu irudishiwe maharagwe yake kwa kipimo kilichoteremshwa, nayo yafike mwezi wa saba, ardhi inapotayarishwa kwa msimu wa pili. Orodha na iandikwe na wazee wa kila jumuiya ndogo, ambao hawana haja ya kuuliza ni meko yapi yaliyobaki matupu.