Kumkumbuka Marehemu Tom Mboya
(Hotuba ya Katibu katika mkutano wa kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama)



Haifai kusherehekea miaka 10 ya chama chetu tusiwakumbuke waliotutangulia. Twaomba ruhusa yenu tumtaje mmoja, marehemu Thomas Joseph Mboya.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, mwana wa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Alisomea kazi ya bwana afya, akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Siku moja, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa peke yake kazini, penye kupimwa maziwa. Akaingia mama wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu. Kijana naye akamwuliza iwapo macho yake yana kasoro. Sisi wakulima, ambao zamani maziwa yetu yalipimwa na wengine bila kuulizwa neno, twaufahamu uchungu ule.

Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, aliwasemea, wakapata nyongeza ya mshahara. Mwaka 1959, kwa juhudi zake, vijana 81 walipanda ndege kwenda kusoma Marekani. Wafadhili wa huko walilipia ndege, na huku wazazi na majirani wakachanga. Je, huo si ushirika?

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipigwa risasi mjini Nairobi akitoka katika duka la dawa. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, wala hajatimiza miaka 39. Amelala kisiwani Rusinga, kwa wazee wake.

Ndugu wanachama, sisi wa ofisi hii tumo katika umri ule ule, na twaona haya tukiilinganisha kazi yetu na yake. Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba fedha za kuwasomesha vijana ni hasara, maana hawarudi shambani. Twawasihi wafikiri tena. Wengi waliosafiri kwa mpango ule walirudi wakawa walimu na watumishi wa nchi, na kazi yao iliendelea baada ya yeye kuzikwa.

Basi, shauri la mfuko wa elimu litakapoletwa mbele yenu mchana huu, twaomba mnyoshe mikono.

Mungu amrehemu.