Ta-ta-ta au Ko? Gari Linapogoma Kuwaka

Leo, katika kipindi chetu cha elimu ya vyombo vya moto, naanzia kwenye pantoni.

Pantoni limetoka Magogoni, limegusa Kigamboni. Lango limeshuka, watu wa miguu wamemwagika nje, pikipiki zimetangulia. Dereva wa gari la mbele kabisa anazungusha ufunguo, gari linamjibu: ta-ta-ta-ta-ta. Anajaribu tena: ta-ta-ta-ta. Honi zimeanza nyuma yake, na kila aliyesimama karibu amekuwa fundi. Huyu anasema betri, yule stata, mwingine anasema mafuta hayafiki. Dereva anajitetea: "Betri haiwezi kuwa. Mbona redio inalia?"

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandae kipindi cha leo. Nimeisikia mara nyingi, nimewahi kuisema mwenyewe, na ilinigharimu fedha. Redio kulia si ushahidi kwamba betri ni nzima. Taa za ndani kuwaka pia si ushahidi.

Tuhesabu kidogo. Taa moja ya mbele ya kawaida, ile ya wati 55, hula umeme usiofika ampea 5. Redio hula kidogo kuliko hapo. Stata ya gari dogo la petroli, pale inapoanza kuizungusha injini, hudai zaidi ya ampea 100, na ya dizeli hudai zaidi ya hiyo. Kisima kinachokaribia kukauka bado kitajaza kikombe chako. Akija mwenye ndoo ishirini, tena anazitaka zote kwa mara moja, ndipo utajua kina maji kiasi gani. Redio ni kikombe. Stata ndiyo mwenye ndoo ishirini.

Sasa nikueleze kinachotokea ukizungusha ufunguo, kwa sababu ukikielewa hiki, mlio wenyewe utakuambia ugonjwa uko wapi.

Ufunguo hauipelekei stata umeme mkubwa moja kwa moja, ungeungua. Unapeleka umeme mdogo kwenye kopo dogo lililobebwa mgongoni mwa stata, linaloitwa solenoidi. Ndani yake kuna koili ya waya na chuma kinachovutwa. Chuma hicho hufanya kazi mbili. Kwanza kinaisukuma bendeksi, yaani ile gia ndogo, iingie kwenye meno ya flaiwili ya injini. Pili, kikifika mwisho, kinakutanisha vipande viwili vinene vya shaba, na hapo ndipo umeme mkubwa wa betri unapopita kwenda kuizungusha stata. Mlio unaousikia ni wa chuma hicho kikigonga mwisho wa safari yake.

Kwa hiyo, gari linalolia lakini haliwaki limeshakupa habari njema moja: ufunguo wako na njia ya umeme mdogo vinafanya kazi. Kama lingekuwa kimya kabisa tungetafuta kwingine, kwenye fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, au gia ya otomatiki ambayo haijakaa sawasawa kwenye P. Hayo tuyaache kwa leo.

Mlio wa kwanza ni ule wa pantoni, wa haraka haraka: ta-ta-ta-ta. Solenoidi imevuta, shaba zimekutana, stata imedai ampea zake mia na zaidi. Betri imeshindwa, nguvu imeanguka ghafla. Nguvu ikianguka, hata solenoidi yenyewe inakosa nguvu ya kushikilia, inaachia. Ikishaachia, mzigo umeondoka, betri inapata pumzi kidogo, solenoidi inavuta tena. Inashindwa tena. Mara kadhaa kwa sekunde moja. Ndiyo maana dereva wetu wa kwenye foleni ya kivuko amekwama: alizima injini kwa nusu saa, akaacha feni, taa na redio vikiendelea kula betri iliyokuwa imeshachoka.

Mlio wa haraka basi unasema umeme mkubwa hautoshi. Lakini sikiliza vizuri hapa, kwa maana ndipo fedha nyingi za watu zinapopotelea. Umeme kutotosha si lazima betri iwe mbovu. Inawezekana betri imejaa, ila njia imeziba.

Fungua boneti. Tazama teminali za betri, pale nyaya nene zinapobanwa. Je, kuna unga mweupe au wa kijani? Shika kibano kwa mkono, jaribu kukizungusha. Kikizunguka, hakijabana, na inawezekana umeshaupata ugonjwa wote. Spana namba 10 inatosha kwa magari mengi ya Kijapani tunayoendesha. Vua pete na saa ya chuma kwanza. Unapofungua, anza na upande wa hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Sababu yake ni kwamba bodi lote la gari ni hasi. Ukianza na chanya, halafu spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Unga ule ni chumvi iliyotokana na asidi ya betri kula madini ya teminali. Huhitaji dawa ya dukani. Magadi haya haya tunayolainishia maharage, yakiyeyushwa kwenye maji ya moto, huua asidi. Utaona povu likichemka. Hakikisha tu vizibo vya betri vimefungwa ili maji ya magadi yasiingie ndani. Suuza kwa maji safi, kausha, sugua shaba na risasi kwa msasa mpaka zing'ae, kisha kaza.

Mlio wa pili ni mmoja tu, mzito: ko! Halafu kimya. Unazungusha tena: ko! Hapa solenoidi imevuta na imeweza kushikilia, lakini stata haizunguki. Ukisikia mlio huu, washa taa kubwa za mbele, mwombe mtu asimame mbele pembeni azitazame, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana au kuzimika, rudi kwenye betri na nyaya. Taa zikibaki zinang'aa kana kwamba hakuna kilichotokea, umeme mkubwa haujaondoka kabisa kwenye betri. Shaba za ndani ya solenoidi zimelika, au kaboni za stata, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka, zimekwisha, au waya mmoja umekatika.

Kaboni zikiwa zimekwisha ndipo ule ujanja wa kugonga stata kwa mpini wa nyundo unapofanya kazi. Unazitikisa, zinagusa, gari linawaka. Ni ruhusa ya kufika gereji, si matengenezo. Na tafadhali sana: gari liwe kwenye free au P, breki ya mkono imevutwa, na usilale chini yake wakati mwenzako ameshika ufunguo.

Kubahatisha nako kuliwahi kunigharimu. Gari langu lilikuwa linalia ko, siku nyingine ta-ta-ta, siku nyingine linawaka bila tatizo. Niliambiwa betri, nikanunua betri mpya. Wiki moja baadaye, ko! Nikaambiwa basi ni stata. Nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, nikapata ya mtumba, ikafungwa. Asubuhi ya pili, ko! Mzee mmoja fundi wa umeme, niliyeelekezwa na jirani, hakufungua kitu. Alichukua waya mmoja wa kubusti, ule wa kuazimia umeme wa betri ya gari jingine, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha ya pili kwenye chuma cha injini. Akaniambia, "Washa, mwanangu." Likawaka papo hapo.

Ugonjwa ulikuwa waya wa ethi, ule unaounganisha injini na hasi ya betri. Injini imekaa juu ya raba, haigusi bodi kwa chuma. Bila waya ule, umeme wa stata hauna njia ya kurudi. Wangu ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya ganda lake, nje unaonekana mzima. Stata yangu ya kwanza ilikuwa nzima. Betri yangu ya kwanza pia ilikuwa nzima. Jaribio lile huchukua dakika moja, na naliweka mbele ya majaribio yote niliyowahi kujifunza kuhusu magari. Kama gari lako limetoka kushushwa injini au giaboksi hivi karibuni, anza nalo.

Ukiwa na mita ya umeme, mambo huwa rahisi zaidi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12 au chini, haina cha kukupa. Lakini usiishie hapo: acha mita imeshikwa, mtu azungushe ufunguo. Betri inaweza kusoma 12.5 ikiwa imepumzika, halafu ikaporomoka mpaka 6 ikibebeshwa mzigo. Hiyo imekufa, hata kama namba yake ya kwanza ilipendeza. Betri nzima haipaswi kushuka chini ya 9.6 hivi wakati stata inazunguka.

Wenzetu wa nchi za baridi hulalamikia barafu kuua betri zao. Sisi wa Pwani adui yetu ni joto. Joto hukausha maji ya betri na kuharakisha kutu ya sahani za ndani, kwa hiyo betri ya Dar es Salaam au Tanga haina maisha marefu kama ya Njombe. Maji ya betri yakipungua, ongeza maji yaliyosafishwa peke yake. Usiongeze asidi, hata muuzaji akikusisitiza. Asidi haikaukii hewani, kilichopungua ni maji.

Kuhusu kubusti. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho iende kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Mbali na betri, nasema, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni, na ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Sigara pia ikae mbali. Ukishawasha, toa nyaya kwa kurudi nyuma, uliyoiweka mwisho itoke kwanza.

Likishawaka, pima tena kwenye betri. Kati ya volti 13.8 na 14.5, altaneta inachaji. Ikibaki 12 na kushuka, haichaji, na gari litakufa tena mbele ya safari. Kuna mafundi wa mtaani wanaopima altaneta kwa kuchomoa teminali ya betri huku injini inaunguruma. Msikilizaji, usikubali jambo hilo lifanyike kwenye gari lako. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu na kuunguza kompyuta ya gari, na kompyuta ile ni ghali kuliko altaneta yenyewe.

Kuna ko! moja ninayotaka uiogope. Ni ile inayokuja baada ya kupita kwenye maji, kama yale ya Jangwani mvua za masika zinapojaa. Gari limezimika majini, unazungusha ufunguo, ko! Huenda maji yameingia ndani ya silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha, au ukilivuta ili liwake, unaweza kupinda fimbo za pistoni na kuiua injini. Acha ufunguo. Livutwe likiwa kwenye free mpaka kwa fundi, afungue plagi na kuyatoa maji kwanza.

Wazee wetu waliowahi kupiga hendeli malori na Land Rover za zamani wanajua stata imetuokoa na nini. Hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono. Mhandisi Charles Kettering alitengeneza stata ya umeme iliyoingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na msingi wake wa betri, swichi na mota ndio huo uliomo kwenye gari lako mpaka leo. Hakuna uchawi ndani yake. Ni njia ya umeme, inayokwenda na kurudi.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua boneti. Shika kibano cha chanya, jaribu kukizungusha. Shika cha hasi. Kisha fuata waya mweusi mpaka unapofika kwenye injini, uutikise. Fanya hivyo gari likiwa zima, nyumbani kwako, usisubiri lango la pantoni lishuke.