Thamani ya Uzi wa Kiondo

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama wa Kitui na Makueni



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya kazi ya mikono ya mama zetu. Sitaisifu sana, maana sifa hazijazi ghala. Nataka tuitazame bei yake.

Mnunuzi akikitwaa kiondo hutazama rangi na umbo. Habari za uzi haulizi. Lakini uzi ndio kazi iliyotangulia. Jani la katani hukatwa, likaparuzwa hata zikabaki nyuzi tupu. Nazo huoshwa, huanikwa, na kuchemshwa pamoja na rangi ya mizizi, ya magome, au ya dukani. Kisha mama huzisokota pajani, siku baada ya siku, kabla hajaanza hata kitako cha kiondo. Pande za Kibwezi, penye mibuyu, gome la mti huo nalo hutoa uzi wenye nguvu.

Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vyetu vilipata soko kubwa Ulaya na Marekani. Baadaye vikatokea vya kuigiza, vilivyotengenezwa kwa mashine huko Asia, na bei ikaanguka. Mashine hatuwezi kushindana nayo kwa wepesi. Tunachoweza ni kuonyesha kile isichokuwa nacho.

Natoa mfano wa hesabu tu. Mama ametumia siku 5 kusokota na siku 7 kusuka. Ameuza kwa shilingi 600, na rangi ilimgharimu shilingi 120. Akihesabu siku za kusuka peke yake, ataona amepata karibu shilingi 69 kwa siku. Akihesabu siku zote 12, amepata shilingi 40. Tofauti hiyo ndiyo jasho analolitoa bure.

Shali za Kashmir zimesifika duniani, na sifa yake huanzia kwa wanawake wanaosokota kwa mkono sufu nyembamba ya mbuzi. Mwenye kuinunua shali hiyo anajua kwamba analipia uzi. Wetu naye na ajue.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila kikundi kiandike siku za kusokota pamoja na siku za kusuka, ndipo kipange bei. Pili, kila kiondo kifungwe kikaratasi cha kueleza uzi wake na siku zake. Tatu, tusiubambue mbuyu gome pande zote. Tutwae upande mmoja, tuuache upone, kwa kuwa gome lake huota tena.

Ndugu zangu, mvua za vuli zikikosa, mahindi hukauka, lakini karo ya mtoto haingoji. Mwaka kama huo, kiondo ndicho shamba la mama. Tusiliuze kwa bei ya nusu ya kazi.