Moto chini ya udongo, maji ya nani?
Neno letu mbele ya vijana wa Kasongo na Kabambare



Leo tunaongea juu ya makaa ya mawe. Si makala ya gunia, ile ya kupikia. Ni lile jiwe jeusi la Lukuga, karibu na Kalemie, lililochimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Mtauliza: Kalemie iko mbali, inatuhusu nini? Muangalie maji. Mto Lukuga unatoka Ziwa Tanganyika pale Kalemie, unaingia Lualaba, na Lualaba inapita Kongolo, njo inafika huku kwetu.

Kuna teknolojia inayosifiwa: kugeuza makaa kuwa gesi kulekule chini, bila mtu kushuka shimoni. Wanatoboa visima viwili. Kwa kimoja wanasukuma hewa na kuwasha moto. Kwa kingine inapanda gesi ya kuzungusha mashine za umeme. Si hadithi tu: Angren, kule Uzbekistan, ilianza kazi 1961. Na sisi wa jenereta na sola, umeme tunautaka kweli.

Lakini toka majaribio hadi biashara, njia ni ndefu. Afrika Kusini, Eskom iliwasha moto wa majaribio Majuba mwaka 2007. Kiwanda cha biashara hakikuzaliwa. Shida kubwa ni presha. Kule chini, presha ya gesi lazima iwe ndogo kuliko ya maji yanayoizunguka, ili maji yaingie na uchafu usitoke. Ukisukuma hewa kupita kiasi, mwamba unapasuka, gesi na sumu zinakimbia. Njo yaliyotokea Chinchilla, Australia. Jimbo la Queensland likapiga teknolojia hiyo marufuku 2016. Mwaka 2018 mahakama ikaitoza Linc Energy faini ya dola za Australia milioni 4.5, wakati kampuni ilikuwa imeshafilisika. Faini ya marehemu nani analipa?

Ninyi wa Salamabila mnaelewa haraka. Mgodi wa dhahabu wa Namoya uliingia uzalishaji wa kibiashara 2016. Mwaka 2019 kazi ikasimama. Neno "kibiashara" kwenye karatasi halikuzuia hilo.

Kwa hiyo tunasema mapema, mbele ya mtu yeyote kuja na ramani. Sheria 11/009 ya 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa mazingira na kusikiliza raia kabla ya mradi mkubwa. Raia wa chini ya mto nao ni raia. Wasikilizwe Kalemie, Kongolo na hapa. Maji ya visima yapimwe kabla ya moto, matokeo yasomwe kwa Kiswahili, si Kifaransa cha ofisini. Na pesa ya kuzima na kusafisha iwekwe benki kwanza, kabla ya kisima cha kwanza kutobolewa.

Tumemaliza yetu. Nani ana swali? Tuanze na wa nyuma, wale wamesimama mlangoni.