Mshono Ukifumuka, Usitupe Mto

 

Leo tutazungumza juu ya mto. Siyo mto wa maji. Ni mto wa kuegemea, ule wa kupamba kiti ao kitanda, tunaoushona wenyewe kwa mabaki ya vikwembe. Labda mmoja wenu anasema: "Watu hawana chakula, na redio inatuletea maneno ya mapambo!" Neno hilo ni la haki. Mto haushibishi mtoto. Lakini wewe uliyekimbia na mzigo mmoja kichwani unajua kwamba vita haikukunyang'anya mihogo tu. Ilikunyang'anya pia mahali pa kumwambia mgeni, "Karibu, kaa." Mto mmoja wenye rangi, juu ya mkeka ao kiti cha mbao, unarudisha neno hilo mdomoni. Tena kazi ya kuushona ina ajali nyingi, na kila ajali inadai utulivu na akili. Ndiyo akili ile ile tunayoihitaji ili kukaa na majirani.

Vitu vya kuanzia

Tafuta vipande vya vikwembe vilivyobaki kwa washonaji wa sokoni. Vifue kwanza, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Usipofanya hivyo, kitambaa kipya kitakuja kujikunyata na kuchafua vingine baada ya kazi kwisha. Ukikosa mita ya kupimia, tumia mkono: shubiri mbili ni karibu sentimita 40. Kata uso wa mto wenye sentimita 42 kila upande, ili sentimita moja iingie katika mshono pande zote.

Kwa mgongo wa mto, kata vipande viwili, kila kimoja upana sentimita 42 na urefu sentimita 28. Pinda ukingo mmoja wa kila kipande sentimita 2, ushone. Vipande hivyo vikilaliana katikati sentimita 10, huhitaji zipu wala vifungo. Viweke juu ya uso wa mto, upande mzuri kwa upande mzuri, shona pande nne, kisha geuza kupitia mwanya ule. Ndani yake utaingiza mfuko mwingine wa shuka kuukuu, ulioshonwa pande zote, wenye kubeba vitu vya kujazia.

Uzi ni ghali? Angalia mdomo wa gunia la mchele ao la unga. Umeshonwa kwa mnyororo wa uzi. Ukikata ncha ya upande unaofaa na kuvuta, mshono wote unafunguka mara moja. Ukivuta upande usiofaa, unakaza vifundo. Hapo usilazimishe, hamia ncha ya pili. Uzi huo uuzungushe kwenye kijiti, uusugue kwa sabuni kavu ao mshumaa, nao hautajifunga ovyo.

Kwa kujazia, kata matambara madogo kama kidole gumba. Yakiwa makubwa, mto unakuwa na mabonge. Majani makavu ya mgomba yanafaa pia, lakini yaanikwe juani mpaka yavunjike mkononi, maana yenye unyevu huota ukungu. Chandarua mnachokilalia msikikate. Na sindano zihesabiwe mwanzo na mwisho wa kazi, kwa sababu watoto wanalala pale pale chini.

Ajali za njiani

Sasa tuje kwenye shida zenyewe. Umekata, na kipande kimekuwa kifupi vidole vitatu. Usikivute kwa nguvu ili kifike, kitapinda. Tafuta ukanda wa rangi nyingine, uuongeze. Na ili usionekane kama kosa, ongeza ukanda wa namna hiyo hiyo upande wa pili. Kitambaa kina tundu la moto? Funika kwa kipande chenye umbo la jani ao la nyota, ukunje kingo zake ndani. Pembe za mto zimekuwa nene? Punguza kitambaa pembeni, lakini usifike kwenye uzi.

Ajali kubwa ni hii: unajaza mto, na mshono unapasuka. Hapa wengi hukosa uvumilivu. Mmoja anabana juu juu mara mbili tatu, bila kutoa kitu ndani. Kesho mtoto anaukalia, na panapasuka pale pale, zaidi ya mwanzo. Mwingine anakasirika, anautupa.

Fundi hafanyi hivyo. Anatoa vyote vilivyomo. Anageuza mfuko upande wa ndani. Anafumua kidogo kushoto na kuume, mpaka afike pale uzi bado unashika. Kisha anaanza kushona sentimita 3 ndani ya sehemu iliyo nzima, kwa hatua fupi za kurudi nyuma, na anaishia sentimita 3 ndani ya sehemu nzima ya upande wa pili. Sababu ni moja: mshono mpya hauwezi kujishika wenyewe. Lazima ushikwe na kile kilichobaki kizima.

Hekima ya Kasai

Msidhani kwamba kiraka ni jambo la maskini tu. Katika nchi yetu hii, huko Kasai, Wakuba wanajulikana dunia nzima kwa nguo za rafia. Wanaume ndio hufuma. Wanawake hudarizi na kuunganisha vipande kuwa sketi ndefu za sherehe na mazishi. Rafia ikitoka kufumwa ni ngumu, basi hutwangwa kinuni ili ilainike. Kutwanga huko hutoboa nguo. Waliochunguza nguo hizo wanaeleza kwamba viraka vilianza kwa kuziba matundu, kisha wanawake wakaviweka hata pasipo na tundu, kwa mpango na umbo zuri. Leo nguo hizo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu wanalipa kiingilio ili kutazama viraka vya wamama wa Kongo.

Kikwembe kilichokatwa

Tuchukue mfano mmoja. Tuseme wamama kumi wanakutana kila wiki kushona. Wengine ni wenyeji, wengine wamehama. Lugha zao za nyumbani si moja. Mkasi ni mmoja, walionunua kwa likelemba. Mama mmoja amekuja na kikwembe kuukuu alichokuwa akimbebea mtoto wake, na mtoto huyo alikufa wakati wa kukimbia. Amekiweka karibu yake tu. Vipande vinachanganyika, jirani anakiokota, anakikata katikati.

Kimya kinaingia. Halafu mmoja anasema: "Ninyi watu ndivyo mlivyo!"

Lisikilizeni vema neno hilo: ninyi watu. Kosa la mkono mmoja limekuwa la kabila zima. Vita vya Masisi vya mwaka 1993 na vile vilivyofuata viliwafundisha wengi wenu jinsi neno kama hilo linavyotembea kutoka kisimani mpaka sokoni, na kutoka sokoni mpaka kwenye panga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sasa wamama hao wafanye nini?

Kwanza, neno hilo lizuiliwe papo hapo. Aseme mkubwa wao: "Aliyekata ni mtu mmoja, ana jina. Tuzungumze naye." Pili, aliyekata aseme mwenyewe: "Ni mimi niliyekata, nisamehe." Asiongeze "lakini." Tatu, mtu yeyote asimwambie mwenye kikwembe, "Ni kitambaa tu, tutakununulia kingine." Hakipatikani kingine.

Nne, mwenye kikwembe ndiye anayeamua. Akitaka, nusu mbili ziunganishwe tena. Akitaka, ziwekwe katikati ya mto na kuzungushiwa vipande vya wenzake. Akitaka kukikunja na kwenda nacho nyumbani, asizuiwe wala asiharakishwe. Msamaha wa kulazimishwa ni ule uzi wa kubana juu juu. Tano, aliyekata asitoe maneno tu. Alete uzi, akae karibu, ashike upande wa pili wa kitambaa wakati mwenzake anashona, kama atakubaliwa. Mshono utaonekana. Acha uonekane. Kuuficha ni kusema kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa ninyi wakubwa

Wakubwa wa mitaa, machifu, wachungaji, mashehe, ninyi mnaletewa mishono iliyopasuka kila siku. Mtu anarudi kijijini baada ya miaka, anakuta mwingine amepanda maharagwe katika shamba lake. Huyo mwingine naye alikimbia kwao, ao alinunua kwa mtu asiyekuwa na haki ya kuuza. Mkiwaita na kusema, "Yaishe, shikaneni mikono," mmeshona juu ya mto uliojaa. Toeni kwanza vilivyomo. Msikieni kila mmoja peke yake. Waulizeni wazee wa pande zote mipaka ilipita wapi. Amueni hata jambo dogo lililo karibu: maharagwe yaliyo shambani sasa yatavunwa na nani? Andikeni mapatano mbele ya mashahidi wa pande mbili, wanawake wakiwamo. Kisha rudini baada ya majuma mawili kuangalia kama uzi unashika.

Mnakumbuka kwamba tarehe 23 Januari 2008, hapa Goma, serikali na makundi ya silaha walitia sahihi ahadi ya kusimamisha vita. Kabla ya mwaka huo kwisha, mapigano yalirudi na watu wakakimbia tena. Wengi walisema, "Amani haiwezekani." Lakini fundi haulizi kama kushona kunawezekana. Anauliza: palipasukia wapi, na wapi bado pazima? Sahihi za wakubwa ni mshono mmoja tu. Pazima ni pale jamaa moja ya Goma ao ya Bukavu ilipowalaza wageni kumi katika chumba kimoja. Pazima ni wamama wanaoazimana chungu bila kuulizana kabila. Anzeni kushona hapo.

Basi, ndugu zangu, tumefika mwisho wa mazungumzo ya leo. Yeyote mwenye sindano amwite jirani mwenye uzi. Mtakaposhona na kuona mto umepinda kidogo, uwekeni kitini hivyo hivyo, mkaribishe mgeni. Kwa herini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mtaa wenu, ni ugomvi gani "ulioshonwa juu juu" ambao unaweza kupasuka tena? Nani angeweza kuufumua kwa upole?

2. Mmewahi kusikia kosa la mtu mmoja likigeuzwa kuwa la kabila zima? Mngejibu namna gani siku hiyo?

3. Mwenye kuumizwa akisema hayuko tayari kusamehe, wenzake na wakubwa wafanye nini ili wasimwache peke yake?

4. Je, wenyeji na waliohama wanaweza kufanya kazi gani ya mikono pamoja, kwa vitu mlivyo navyo tayari?