Kutoka Idara ya Fedha Hadi Banda la Kuku
(Mazungumzo ya mwanachama siku ya maadhimisho ya miaka kumi)



Mada niliyopewa ni kubadili kazi ukubwani. Nadhani Kamati imenichagua kwa sababu nilikaa kaunta ya benki miaka 11, kisha idara ya fedha ya halmashauri miaka 22, na leo mnaniita Mama Mayai. Sawa, jina nimelikubali.

Jambo hili si geni nchini. Mzee Edwin Mtei alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, mwaka 1966. Baadaye akawa Waziri wa Fedha, akajiuzulu mwaka 1979 baada ya kutoafikiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Hakuwa amefika miaka 50. Akaenda kulima kahawa Arusha. Lakini jamani, yule alikuwa na shamba! Wengi wetu tunatoka ofisini na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, na mkupuo ambao ndugu wameshaugawa kabla haujaingia benki.

Mimi sikungoja mkupuo. Mwaka 2019, nikiwa bado kazini, nilikopa hapa chamani shilingi laki sita nikaweka vifaranga 50 wa mayai. Nilitaka kujua kama kazi hii naiweza kabla mafao hayajaguswa. Watu hushauri ufanye unachokipenda. Mimi kuku sikuwapenda hata kidogo, harufu yao ilinitoa machozi. Nilichopenda ni hesabu zao.

Hesabu yenyewe ni hii. Kuku wa mayai anakula karibu wiki 20 kabla hajakupa yai la kwanza. Miezi mitano unatoa tu, huingizi. Kuku 300 waliokomaa wanamaliza kama kilo 36 kwa siku, yaani gunia la kilo 50 haliwatoshi siku mbili. Wakitaga vizuri unaokota trei nane hivi. Wengi niliowaona wakianguka hawakuangushwa na kideri. Chanjo ipo, na inajulikana. Waliangushwa na mwezi wa nne: fedha imekwisha, kuku hawajataga, basi wanauza nusu kwa bei ya nyama ili walishe nusu iliyobaki.

Kwa hiyo nilipostaafu kwa hiari mwaka 2022, na miaka yangu 55, nilitenga kwanza fedha ya chakula cha miezi sita, ndipo nikajenga banda. Mume wangu alitaka banda la tofali. Tulibishana wiki nzima! Banda ni la mbao na wavu hadi leo, naye ameshalizoea.

Hayo sikufundishwa na wafugaji. Benki nilikuwa nikiwaona wakopaji wenye faida nzuri kwenye karatasi na hawana senti mkononi. Halmashauri ilinizoesha kuandika siku ileile, kabla ya kulala, na kutotoa kitu bila stakabadhi hata kwa shemeji.

Sasa hili halisemwi sana. Kigumu si kuku. Kigumu ni kubeba trei za mayai kuingia ofisi ulimokuwa ukisaini malipo. Kijana niliyempokea mimi mwenyewe kazini alisema, "Karibu bosi," halafu akaomba nimpunguzie mia tano. Nilirudi nyumbani, siku mbili sikutoka kuuza. Siku ya tatu trei zilikuwa zimejaa sebuleni hadi hakuna pa kukaa, nikaenda. Sikumpunguzia. Ananunua trei mbili kila Ijumaa.

Wapo wenzetu wawili wanaokaribia 55 ambao wameniuliza, je, watoke au wangoje hadi 60? Siwezi kuwajibu hapa mbele za watu, maana kila nyumba ina ada zake na wagonjwa wake. Waje bandani Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kulisha. Nitawafungulia daftari langu lote tangu 2019, pamoja na kurasa za hasara. Waje na viatu vya mpira.