WASIA NA KARATASI YA MATIBABU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Twawashukuru kwa kungoja baada ya zamu. Leo hatukuitana kwa ajili ya mshahara wala saa za kazi. Tumekuja kusema jambo ambalo watu hawapendi kulitaja, nalo ni ugonjwa na kifo. Wako wasemao kwamba kuandika wasia ni kujiitia mauti. Sisi twasema kwamba asiyeandika hufa vile vile, ila huwaachia wenziwe ugomvi.

Mwenzetu mmoja, fundi wa zamu ya usiku, alianguka kwa kiharusi. Alilazwa hospitali, hawezi kusema wala kushika kalamu. Alikuwa mtu mwangalifu. Wasia alikuwa ameuandika, ukatiwa sahihi na kufungwa katika bahasha kwa wakili. Ndani yake, pamoja na habari za shamba na ng'ombe, aliandika kwamba akipatwa na ugonjwa usio na tumaini asiwekwe kwenye mashine ya kupumulia, arudishwe nyumbani, na mkewe ndiye aamue.

Je, bahasha ile ilifunguliwa lini? Ilifunguliwa baada ya matanga. Siku zote za hospitali mke alisema hivi, kaka za mgonjwa wakasema vile, na daktari yu katikati. Michango yetu ikaisha, ng'ombe wawili wakauzwa, shemeji na shemeji wakaacha kusalimiana. Wasia uliposomwa, mama yule alilia upya. Na sisi wa chama hatukuwa na la kujitetea. Tulikuwa tumemhimiza aandike wasia, lakini hatukumwambia kwamba karatasi zatakiwa mbili.

Ndugu, hilo ndilo neno letu la leo. Wasia hausemi mpaka mwenyewe afe, na maradhi humjia mtu angali hai. Maagizo ya matibabu ukiyafungia ndani ya wasia, ni sawa na kuufungia ufunguo ndani ya sanduku lake.

Sheria yetu imetuachia nafasi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema mgonjwa asipewe matibabu bila ridhaa yake, baada ya kuelezwa. Pia yampa haki ya kuyakataa. Akiwa hawezi kutoa ridhaa, wa kwanza kutajwa ni mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa mamlaka hayo kwa maandishi. Jamaa wa karibu huja pale ambapo hakuna aliyepewa mamlaka. Kwa hiyo sahihi yako moja, uliyoitia ukiwa mzima, yaweza kumaliza mabishano ya ukoo mlangoni mwa wodi.

Wala msiogope kwamba karatasi hii itawafanya mwachwe bila kutibiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Tena karatasi hii haiwezi kumwamuru daktari amuue mgonjwa. Hilo ni kosa la jinai.

Basi andikeni hivi. Kwanza, jina la mtu atakayesema kwa niaba yako, na jina la pili ikiwa wa kwanza hapatikani. Pili, maradhi uliyo nayo, dawa unazotumia na zile zinazokudhuru. Tatu, mambo unayoyataka na usiyoyataka: mashine ya kupumulia, kulishwa kwa mpira, kuongezewa damu, dawa za kutuliza maumivu, na kama wataka kumalizia siku zako nyumbani. Tia tarehe na sahihi, mbele ya mashahidi wawili. Kisha usiifiche! Mpe nakala huyo uliyemchagua, nyingine iwekwe pamoja na kadi yako ya hospitali. Na la maana kuliko yote, waite mke au mume, watoto na ndugu, uwaeleze kwa mdomo wako. Mtu aliyeyasikia kwako mwenyewe hatasema karatasi ni ya kughushi.

Sasa kwa ufupi juu ya wasia wenyewe. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yakubali wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, lakini ukipita miezi 3 nawe ungali hai, kwa raia wa kawaida hauna nguvu tena. Wa maandishi wadumu. Utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi hao wasiwe warithi wako wala waume au wake wa warithi, kwa maana shahidi aliyeachiwa kitu aweza kukikosa. Usimsahau unayemlisha, kwani mahakama yaweza kumpa fungu lake hata kama hukumtaja. Ndugu zetu Waislamu wanayo sheria yao: wasia hauzidi theluthi moja, na warithi wana mafungu yao.

Msidhani haya ni ya watu wasiosoma. S. M. Otieno alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi. Alifariki Desemba 1986 bila kuacha wasia wa maandishi. Mkewe, Wambui Otieno, alitaka kumzika Ngong, akisema ndivyo alivyotaka mwenyewe. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na marehemu akazikwa Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Ni kweli kwamba juu ya maziko mahakama hutazama mila pia, na maandishi peke yake huenda yasitoshe. Lakini maneno ya mtu aliyekwisha kufa, yasiyoandikwa popote, kila mmoja huyakumbuka kwa namna yake.

Ndugu wanachama, kila Jumamosi asubuhi katibu wa tawi atakaa ofisini na karatasi na kalamu. Asiyejua kuandika ataandikiwa, na siri yake haitatoka. Kazini twadai mapatano yote yaandikwe, maana ahadi ya mdomo ya mwajiri twaijua. Basi itakuwaje tudai maandishi kwa mwajiri, na wake zetu na watoto wetu tuwaachie maneno matupu?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mgonjwa asiyeacha neno husemewa na kila mtu.

Umoja ni nguvu.